Ndooni, Wasichana!

Juzi mjukuu wangu alisahau gazeti lake la vijana mezani kwangu, hapa Changamwe. Nikavaa miwani, nikalifungua. Vichwa vya habari vimelala upande, rangi zimemwagika kila pembe, na mwandishi azungumza na msomaji kama wanaosukana nywele barazani. Nilicheka peke yangu, rafiki yangu, maana jambo hilo hilo lilinitoa machozi zamani, miaka ya arubaini, vita vya Wazungu vilipokuwa havijesha.

Shule yetu ya misheni ilikuwa ya udongo na makuti. Tulifagia uwanja, tukachota maji, tukala mihogo ya kuchemsha, ndipo kipande cha reli kikagongwa tuingie. Mwalimu wetu alikuwa na gazeti la ukutani: karatasi moja, mistari imenyooka, Kiswahili cha vitabuni. Tuliliandika kwa zamu. Hakuna aliyelisoma.

Mwenzangu wa dawati ndiye aliyenitia uchungu. Akisimama kusoma, maneno yalimkwama kooni na darasa zima likamcheka. Babake alikwisha kusema: muhula ukiisha hajui kusoma, arudi shambani.

Zamu yangu ilipofika, niliandika kama tulivyozungumza nyumbani, naye apate kuyasoma. Juu, kwa makaa, herufi kubwa kama kiganja: NDOONI, WASICHANA! Kwetu hakuna aliyesema "njooni". Chini nikaeleza namna ya kutoa doa la tunda la mkorosho kwenye gauni la shule. "Umekula bibo, maji yake yamekuchirizikia kifuani, sasa wamwogopa mamako? Usilie. Shika ndimu." Kila hatua niliiweka mbali na nyingine, na pembeni nikachora ndimu, nikaipaka manjano ya jikoni.

Mwalimu aliibandua karatasi yangu. "Haya ni maneno ya kisimani," akasema. "Andika upya, kwa adabu."

Nililia njia nzima. Nyumbani bibi alikuwa akikuna nazi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kuna mtu umemtukana humo?"

"La, bibi."

"Basi yaandike tena."

Nikayaandika, neno kwa neno. Mwalimu akabandua tena. Mara ya tatu nilifika kabla ya wote, nikaibandika karatasi kwa uji mzito wa unga, nikasimama pale pale nimngoje. Siondoki.

Alipokuja, wasichana walikuwa wamejazana. Mbele kabisa alikuwa mwenzangu wa dawati, kidole juu ya karatasi, akisoma kwa sauti. "U-me-kula bibo..." Alikwama kwenye "yamekuchirizikia", akarudi nyuma, akalivuka, akacheka mwenyewe. Safari hii hakuna aliyemcheka.

Mwalimu alitia fimbo kwapani. Kisha akamwambia, "Endelea."

Akasoma mpaka mwisho.

Karatasi ile haikubanduliwa. Mwalimu alinipa nusu ya ukuta, nusu akabaki nayo mwenyewe, na jioni ile akaenda kwa miguu kuzungumza na babake mwenzangu. Msichana akabaki shuleni. Ukubwani alikuwa mkunga, akajaza madaftari kwa mkono wake.

Leo pale palipokuwa shule malori ya bandari ya Kipevu yapanga foleni. Mwalimu hayupo, bibi hayupo, mwenzangu tumemzika. Karatasi zetu zililiwa na mchwa, sina hata moja ya kukuonyesha. Lakini sauti yake ikivuka neno moja hadi jingine, nasi sote tumenyamaza, hiyo ningetoa chochote niisikie tena.