Pua ya Jirani

Mama Chapa alizoea kutukanwa kila asubuhi kabla ya chai. Akianza tu kukoroga wino wake, sauti ilipenya kwenye ukuta wa mbao uliotenganisha karakana yake ya kuchapa fulana na kibanda cha fundi cherehani: "Mayai viza! Mama, leo tena umetupikia mayai viza!" Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Karibu tule, Fundi!" Fundi aliwahi hata kumshitaki kwa mwenye nyumba, akidai suti za wateja wake zinatoka na harufu ya mtaro. Mwenye nyumba, mtu asiyependa makelele, aliwasikiliza wote wawili, akawaambia wote wawili wana haki, akaenda zake.

Na kweli wino ule hunuka. Si wino wa kawaida, ule unaokaa juu ya kitambaa kama plasta na kumpikia mtu jasho kifuani. Huu ni wino wa kung'oa. Ukichanganywa na unga wake, kisha ukapata moto, huing'oa rangi nyeusi ya fulana kutoka kwenye nyuzi zenyewe na kuacha rangi mpya mahali pake. Ukipitisha kidole husikii kitu, kama vile fulana ilizaliwa na chapa yake. Lakini kazi yote ni ya ule unga, na unga wenyewe ni mwoga wa unyevu. Kopo lisipofungwa sawasawa, hufa kimyakimya na kubaki mweupe vilevile. Wino wake utakorogeka vizuri, utachapika vizuri, halafu kwenye kikaushio cha moto utatoka tope tupu. Macho hayawezi kuujua mapema. Anayejua ni pua: unga ulio hai hunuka.

Sasa, pua ya Mama Chapa ilikuwa imekufa. Ilianza homa, homa ikaondoka, ikabeba harufu zote za dunia. Chai ikawa maji ya moto, sabuni ikawa kitu cha kuteleza tu. Hakumwambia mtu. Mchapaji wa wino wa kung'oa asiye na pua, nani atampelekea fulana zake? Akafanya kazi kwa wasiwasi, hadi asubuhi moja, mwiko ukiwa mkononi, akasikia "Mayai viza!" kutoka upande wa pili. Mkono ukasimama. Kumbe pua anayo, ila imehamia kwa jirani.

Tangu siku hiyo akawa anasogeza ndoo yake hadi kwenye ufa wa ukuta, anakoroga, anangoja tusi. Likija, anachapa. Fundi alidhani anafanyiwa makusudi, akazidisha matusi. Mama Chapa akazidisha shukrani moyoni.

Hapo ndipo alipokuja wifi yake, dada wa mumewe, amebeba rundo la fulana kichwani. Wifi alikuwa mfagia barabara. Yeye na wenzake huingia kazini kabla hakujapambazuka, na sare waliyopewa ilikuwa fulana nyeusi. Nyeusi, kwa mtu anayeinama barabarani gizani! Juzi kioo cha gari kilikuwa kimempiga bega. Dereva alishuka akitetemeka kuliko yeye, akiapa kwamba hakuona mtu.

"Nataka njano, wifi yangu," alisema, bega bado limevimba. "Njano ya kupiga kelele. Dereva aione akiwa mbali, aombe radhi kabla hajafika. Lakini uangalie, kila mtu ana fulana moja tu. Ukiharibu, kesho watu wanafagia na kanga."

Mama Chapa akapima wino kwenye mizani ya jikoni, akadondosha rangi.

"Mbona unatoa kitone kitone kama dawa ya macho? Mwaga! Na kwa kaka yangu uliingia na ubahili huu huu?"

"Ubahili nimeukuta kwenu. Rangi ikizidi inachujuka, fulana ikifuliwa mara mbili imekwisha. Njano haing'ai kwa wingi, wifi. Inang'aa weusi ukitoka wote."

Akafungua kopo la unga, akachanganya, akasogeza ndoo kwenye ufa. Cherehani ilikuwa ikilia ng'ambo, trrr, trrr. Akangoja. Hakuna neno. Akakoroga tena kwa nguvu. Trrr, trrr.

"Wewe unasikia harufu yoyote?" akamuuliza wifi yake kama mzaha.

"Mimi? Nafagia mitaro. Pua yangu haishangai kitu."

Wakaanza kuchapa. Fulana ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zimekaa mezani na wino mbichi uliofubaa, kama ilivyo kawaida ya wino huu kabla ya moto. Alipoinua ya kwanza kuipeleka kwenye kikaushio, akasita. Wino mbichi unafulika, ukishapikwa, basi. Akairudisha mezani, akatoka nje, akaingia kwa jirani.

"Fundi, mbona leo hujanitukana?"

Fundi akaondoa mguu kwenye pedali. "Mama, siku moja tu Mungu amenijalia hewa safi, umekuja kunitafutia ugomvi?"

"Kwa hiyo hakunuki?"

"Hakunuki! Nimeshona mpaka nimeimba."

Mama Chapa akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Huyu ndiye mtu aliyemshitaki kwa mwenye nyumba, na sasa ilibidi ampe kisu na shingo. Lakini alilikumbuka bega la wifi yake lililovimba.

"Fundi, pua yangu ilikwenda na ile homa. Siku zote hizi nakoroga, nakungoja wewe. Ukinitukana, najua wino uko hai."

Fundi akaivuta futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni.

"Kwa hiyo mimi nakutukana, kumbe nimeajiriwa?"

"Ndiyo."

"Na mwajiri hata salamu ya asubuhi hanipi!" Akasimama, akajikung'uta nyuzi mapajani. "Twende. Liko wapi hilo lisilonuka?"

Wifi alikuwa ameelewa mwenyewe. Alishaanza kuzisuuza zile fulana tatu kwenye beseni, na wino ukatoka wote. Mama Chapa akashusha kopo la akiba kutoka rafu ya juu, ambalo kifuniko chake hakijaguswa, akachanganya kidogo bakulini. Fundi akainama, akavuta pumzi kama mtu anayeonja mchuzi, akaruka nyuma hadi mlangoni.

"Huyu! Huyu ndiye mwenyewe! Mayai viza, na baba yake, na babu yake!" Machozi yalimtoka. Mama Chapa naye yalimtoka, ila si kwa harufu.

Wakajaribu kwanza kwenye kitambaa. Chini ya moto weusi ukawa kahawia, kahawia ikalegea, kisha njano ikafunguka ghafla kama mtu kavuta pazia. Wifi alipiga kigelegele.

Alfajiri iliyofuata Mama Chapa alisimama mlangoni kwake. Mwisho wa barabara, palipokuwa na vivuli tu siku zote, migongo ya njano ilikuwa ikiinama na kuinuka. Gari likatokea, likapunguza mwendo likiwa bado mbali, likapita taratibu. Mmoja akainua ufagio juu. Bila shaka ni wifi.

Alipoingia karakanani kukoroga wino wa siku hiyo, alikuta ule ufa wa ukuta umepanuliwa kwa patasi, na takataka za mbao zimefagiliwa vizuri.

"Shikamoo mwajiri," sauti ikasema kutoka ng'ambo. "Sogeza ndoo, nina wateja."