Gauni la Mhusika wa Neema

Tangu wazazi wetu wafariki, mimi fundi cherehani wa Jules Street nimeapa kwamba mdogo wangu Neema hatatoka nyumbani na nguo iliyochanika. Watu wasipate la kusema.

Likizo hii ya Krismasi darasa lake lilipewa riwaya wasome, kisha wafungue shule wamevaa kama mhusika waliyempenda. Zawadi na maksi vilikuwepo. Siku moja kabla ya kufungua, Neema akiwa kanisani, nilikuta gauni alilotenga kuvaa limejaa matope, mikono imeraruka. Eish! Nikalifua, nikalishona, nikaongeza lesi, nikalipiga pasi.

Asubuhi alipiga kelele. “Dada, umeharibu kazi yangu!”

“Kazi yako ni kusoma. Kushona ni yangu. Vaa, tumechelewa!”

Shuleni walezi tulikaa nyuma. Mwalimu akamuuliza, “Neema, wewe ni nani kitabuni?”

“Mtoto yatima, Mwalimu. Analala barabarani, amevaa matambara.”

Darasa zima likaitazama lesi.

“Mbona basi unang’aa hivyo?”

Neema akaninyooshea kidole. “Njiani alikutana na dada yangu, Mwalimu. Yule pale, mwenye futi shingoni.”