Numero ya Upande wa Kuume

Bulonza alikuwa mwandishi wa vibao huko Kadutu, mjini Bukavu. Jina lake la ubatizo, Cyprien, lilikuwa limebaki kinywani mwa mke wake tu, maana miaka hiyo ya Zaïre majina hayo yalikatazwa na mbele ya watu kila mtu alikuwa citoyen, yaani mwananchi. Aliandika milango ya maduka na mbavu za malori yaliyopanda kutoka Bunyakiri na mafuta ya ngazi, yaani mawese. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na bega la kuume lilikuwa limeanza kukataa kuinuka. Zamani alikuwa askari katika kambi moja ya ndege kule Shaba, kazi yake kupaka rangi na kuandika numero.

Mwezi wa kumi wa mwaka 1985, paroko alimkabidhi bahasha kutoka Ubelgiji. Ilitoka kwa Monsieur Hubert, aliyewahi kufundisha Bukavu na kuijua kazi ya Bulonza ya zamani. Mzungu huyo alipenda kuunda ndege za kivita za plastiki, ndogo za kukaa kiganjani. Sanduku la dukani halikuwa na alama za Zaïre, kwa hiyo alichapa zake mwenyewe kwenye karatasi: unakata alama, unailoweka majini, inateleza, unaibandika ubavuni mwa ndege. Kabla ya kuwauzia wenzake alitaka mtu aliyeziandika zile ndege zenyewe azikague.

Bulonza alikaa kizingitini na rula. Kipimo kilikuwa moja kwa arobaini na nane, basi tarakimu iliyokuwa na sentimita arobaini na nane kwenye ndege ilipaswa kuwa na sentimita moja kwenye karatasi. Ilikuwa hivyo. Kijani kilikuwa kizito mno, akaandika. Mapengo yanayoachwa katika tarakimu na pochoir, lile bati lililotobolewa la kupakia rangi, yalikuwa yamezibwa. Kule kambini hakuna aliyepata nafasi ya kuyaziba, akaandika hilo pia, akayachora kama alivyoyakumbuka. Kisha akasoma swali la mwisho.

"Nina picha mbili za ndege 316," aliandika Monsieur Hubert. "Kushoto inasomeka 316, lakini kuume ni 361. Nadhani ya pili ni ndege nyingine. Nimechapa 316 pande zote mbili. Ni sawa?"

Bulonza aliweka rula chini. Colombe, mke wake, akamuona.

"Cyprien, iko nini?"

"Hakuna. Macho inachoka."

Hayakuwa macho. Mwaka 1973 ilitangazwa kwamba wakubwa watafika kambini, na ndege tatu zilitakiwa ziandikwe kwa siku moja. Bulonza alifanya kazi na kiongozi wake, Mushagalusa, Mshi mwenzake, ambaye siku hiyo homa ilikuwa ikimtetemesha, naye amekunywa kinini mpaka masikio yanavuma. Walibadilishana pande mara nyingi. Upande wa kuume wa ndege ya mwisho aliuandika Bulonza, akapishanisha tarakimu mbili za mwisho. Wageni walikwisha kupiga picha zao kosa lilipoonekana. Kapiteni alipouliza nani ameandika, Bulonza alinyamaza. Mushagalusa akasema, "Labda ni miye, mon capitaine. Sikumbuki." Alifungwa siku arobaini, kisha akafukuzwa jeshini.

Kujibu "ni sawa" kulikuwa rahisi. Hakuna ambaye angejua. Lakini Bulonza alijisikia amechoka kwa namna ambayo usingizi hauponyi. Jumapili baada ya misa alikwenda kwa mguu hadi Bagira, alikokaa Mushagalusa, matope yakivuta viatu kila hatua. Alimkuta nyuma ya nyumba, akipalilia maharagi. Mke wake, Bibiane, alitoa kiti.

Bulonza hakukaa. Alimwonyesha karatasi, akamsomea swali.

"Ile numero ya kuume ni miye niliandika," alisema. "Si weye. Nilijua tangu siku ile."

Mushagalusa aliegemeza jembe lake ukutani.

"Unajua ile kosa ilinifanya nini?" aliuliza. Sauti yake haikupanda. "Si ile cachot ya siku arobaini. Ile niliivumilia. Lakini nilikosa kuamini mukono yangu. Batu baliniletea vibao vya kuandika, nikakataa. Hata jina ya mutoto ku cahier ya masomo, ni Bibiane anaandika. Miaka kumi na mbili, Bulonza."

"Nisamehe, mukubwa."

"Lete ile karatasi."

Aliishika karibu na macho, akaomba kalamu. Akachora juu ya tarakimu 3 mahali pengo la pochoir lilipokuwa: si katikati, kama Bulonza alivyoweka, bali chini kidogo. Hakukosea. Ile pochoir aliikata yeye.

"Mwandikie asichape uongo," alisema. "Kushoto 316, kuume 361. Sasa kwenda."

"Na miye na weye?"

"Nimesema kwenda."

Bulonza alituma jibu. Baada ya miezi minane zilirudi karatasi mbili mpya, kila upande na numero yake, mapengo mahali pake. Moja alimpa Bibiane baada ya misa. Bibiane alisema mume wake ameandika mlango wa dispansari ya Bagira, na kibao cha bati cha muuza mchele mmoja wa Luberizi.

"Ananisema?" aliuliza Bulonza.

"Hapana, papa. Hakusemi."

Wanaume hao wawili waliendelea kusalimiana kanisani, neno moja tu, kila mmoja akashika njia yake. Colombe alimuuliza mume wake kama angalau moyo umepoa.

"Sijui," alijibu. "Nalala vizuri kidogo."

Kesho yake lilimngojea lori la kuandika, na bega liliuma tangu asubuhi.