Nyanya zangu zililala shambani hadi mama mkwe aliponiuliza habari za kamba

Wakuu, salaam kutoka Kismayo. Hiki ninachosimulia kimenikuta mwenyewe, na wa kunikanusha wapo, wanalijua shamba.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mbajuni wa kisiwa cha Chovai. Shule sikuiona, niliishia chuo cha Kurani. Nilianza na mshipi na ndoana, leo nina boti zangu na jokofu la samaki hapa mjini. Sikurithi kitu. Hata kuandika huku nimejifunza kwenye simu, kwa hiyo msinisahihishe herufi.

Mama mkwe wangu ana shamba kandokando ya mto Juba. Alipochoka kulima alinipa mimi, akamwacha mwanawe wa kumzaa, shemeji yangu Athumani. Alisema, "Lilime, ule na mke wako. Ukiliua, namrudishia Athumani."

Nikatia pampu, nikapanda nyanya.

Wakuu, zile nyanya. Wanawake wa sokoni walikuwa wanapanda gari kunifuata shambani. Nikaona nimepata mwamba wenye samaki, basi narudi palepale. Msimu baada ya msimu, nyanya tu, udongo uleule.

Halafu zikaanza kulala. Asubuhi mche umesimama, mchana umenyauka ukiwa bado kijani, na maji yapo. Nikazidisha maji, zikazidi kufa. Nikaleta matumbo ya papa kutoka pwani nikafukia, maana kwetu hakuna kinachoshinda samaki. Mbwa wa mji mzima wakaja kufukua.

Nikabadilisha, nikapanda bilinganya na pilipili. Nazo zikalala.

Athumani akapita, akasimama kwenye tuta. "Shemeji, hizi zimelala au zinasujudu?"

Nilijua msimu ule ukiharibika shamba linakwenda kwake, na mke wangu atakuwa anaomba mboga kwa kaka yake.

Nikamwita bwana shamba mmoja, mteja wangu wa samaki. Alikata shina la nyanya, tukaenda nalo nyumbani kwa mama mkwe, akalining'iniza kwenye glasi ya maji safi. Tukakaa kidogo. Ukaanza kushuka uzi mweupe kama moshi, kutoka ndani ya shina.

"Hao ni bakteria," akasema. "Wanaziba njia ya maji. Mwagilia hata mto mzima, mche haunywi."

Akanieleza kwamba udongo una viumbe wadogo wasioonekana, wengi ajabu. Wapo wanaoilisha mizizi na kuilinda, na wapo wanaoishambulia. Ukipanda zao moja tu, maadui wa zao hilo wanapata karamu kila msimu. Wale wazuri, waliozoea mizizi ya kila aina, wanapungua.

"Lakini nilibadilisha, nikapanda bilinganya."

"Bilinganya, pilipili na nyanya ni ukoo mmoja. Umemfukuza mgeni chumbani ukamlaza sebuleni."

Akasema nipande mtama na kunde, nyanya nizisahau kwa misimu kadhaa. Hapo nikakataa. Mimi mtu wa nyanya, nipande kunde, Athumani anione?

Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele. Akaniuliza, "Bwana mkubwa, kule Chovai pango la kamba mkishalivua, kesho mwarudi?"

"Hapana mama. Twaliacha."

"Kwa nini?"

"Lipumzike, kamba wazae."

Akaendelea kuchambua mchele wake. Kisha akamwambia binti yake, mke wangu, kwa Kibajuni, "Huyu mchu baharini ana akili. Akishuka boti huiacha humo."

Bwana shamba akacheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka, nifanyeje.

Basi nikang'oa miche yote migonjwa, nikaichoma. Jembe la upande mgonjwa nikawa naliosha kabla ya kulipeleka upande mzima. Nikapanda mtama, nikapanda kunde, mashina ya kunde nikayaacha yaozee humo humo. Athumani alicheka alivyotaka. Lakini kunde zangu kwa nazi alizila, tena alirudia sahani.

Udongo ukabadilika. Ulikuwa unashikana kama sementi, sasa ukiushika unamomonyoka na una minyoo.

Misimu ilipopita nikarudisha nyanya, kwenye kipande kimoja tu. Zilisimama, alhamdulillahi. Sisemi ugonjwa umeisha, kona ya chini karibu na pampu bado miche michache inalala, na kona ile nimeiachia mtama.

Mimi si mtu wa kushukuru watu ovyo, nimejitengeneza mwenyewe. Lakini bwana shamba yule akija dukani samaki anachagua yeye. Na mama mkwe Mungu amzidishie umri, maana angeweza kunyamaza na shamba likaenda kwa mwanawe.

Nilichojifunza: mche ukinyauka na maji yapo, usiongeze maji. Uliza udongo huo umepandwa nini miaka yote.

Nyanya ya kwanza nilimpelekea mama mkwe. Akaila nzima, akafuta mkono kwenye leso.

"Tamu," akasema. "Msimu ujao usipande."

Wakuu wakulima, ninyi mnapumzisha vipi? Na aliyeokolewa shamba na mkwe wake ajitokeze, nisiwe peke yangu.