Wimbo Ambao Kalaba Hakuusikia

Katika kitongoji cha Kampemba, miaka ile ya themanini, serikali ilikuwa imekataza majina ya Kizungu: mtu ofisini alikuwa sitwayeni, yaani raia, na nyumbani aliendelea kuitwa jina lake la ubatizo. Hapakuwa na kijana mwenye kinanda cha umeme ambaye hakupitia kwa Baba Kalaba. Vinanda vyenyewe vilikuwa vidogo, vya kubebwa kwapani, vimevushwa mpaka wa Mokambo kutoka Zambia, na ukibonyeza kitufe ngoma ilijipiga yenyewe. Vijana walipiga, wakajirekodi kwenye kaseti, kisha wakaja uani kwake, roho juu, kusikia hukumu.

Kalaba hakuwahi kupiga chombo chochote. Alikuwa mstaafu aliyekaa miaka ishirini na miwili kwenye mashine za kusaga mawe ya shaba, na sifa yake ilikuwa moja tu: hakumbembeleza mtu. Aliweka redio-kaseti magotini, akafumba macho, akalaza vidole viwili juu ya kitambaa cha spika. Kaseti ikiisha, kijana aliuliza kama ilivyokuwa desturi, "Muzuri ao mubaya, Baba?" Naye alitoa neno moja, halafu sababu. Watu walivisifu sana vile vidole. Walidhani ni madaha ya mjuzi.

Madaha gani! Masikio ya Kalaba yalikuwa yakifa tangu kazini. Waliondoka kwanza ndege wa alfajiri, zikafuata sauti za watoto, mpaka kila sauti nyembamba ikawa kwake kama haipo. Ngoma aliipata kwa vidole. Sauti nene ya mwanaume aliisikia, wanawake aliwasoma midomo. Hakumwambia mtu, hata mkewe Léonie, ambaye aliona mumewe ameingiwa na kiburi cha uzee. Mficha uchi hazai, na Kalaba alificha, kwani mzee asiyesikia nani atamletea kaseti?

Siku moja alikuja Antoine, kijana mpole wa mtaa wa pili, mtoto pekee wa Mama Angélique. Kalaba alisikiliza kaseti yake mpaka mwisho.

"Mubaya," alisema. "Hamuna wimbo ndani. Iko paka ngoma, ngoma tu."

Antoine aliichukua kaseti yake. Mzee habishiwi. "Aksanti, Baba," alisema, akaenda zake.

Miezi miwili baadaye lori lilipinduka kwenye barabara ya Mokambo, na Antoine alikuwa juu ya mizigo.

Siku ya nne ya kilio cha Antoine, Mama Angélique alikuja mwenyewe, kitambaa cheusi kichwani, kaseti mkononi. Alizungumza taratibu kwa uchovu, na Kalaba aliuona kila neno mdomoni mwake. "Hii alikuwa anakutengenezea we, Baba. Siku ya kumaliza kilio tunataka tuipige mbele ya batu. Usikie kwanza. Kama iko mubaya tuiache, basimuchekelee mutoto wangu."

Kalaba alibonyeza. Ngoma haikuanza. Ilianza sauti nene, ya Antoine, karibu kabisa na sikio.

"Jambo, Baba Kalaba. Ulisema hamuna wimbo. Mi nilikuwa naona iko, hata mama alikuwa anauimba. Lakini we njo unayua, we njo fundi. Ile kinanda yote ya sauti ya juu nimeitosha, nimeifuta kwa kurekodi juu ya ile ya kwanza. Nimebakisha paka ngoma. Sasa unasema nini?"

Kikafuata kimya kirefu. Siku hizo ndugu walitumiana kaseti badala ya barua, na kila mtu alijua kuacha nafasi hiyo, ili mwenzake ajibu mbele ya redio kana kwamba wamekaa pamoja. Antoine alikuwa akimngoja.

Kalaba alielewa. Wimbo ulikuwamo. Ulikuwamo tangu siku ya kwanza, na kijana ameufuta kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu mzee kiziwi alijifanya msikilizaji.

Ngoma ilipiga, ikaisha. Mama Angélique alikuwa akimtazama. "Muzuri ao mubaya?"

"Muzuri," alisema Kalaba. Sababu hakutoa.

Tangu hapo ile ngoma haikumtoka vidoleni. Ilimpiga akishika kikombe, ilimpiga akivaa kwenda kanisani. Alitoa betri kwenye redio, akaweka mkono juu ya spika tupu, na spika ikadunda. Mbaya zaidi ilikuwa pale inaponyamaza, kwa kuwa ndipo sauti ile nene ilipouliza, sasa unasema nini? Alijibu kila aina ya jibu moyoni, na sauti iliuliza tena. Vijana waliokuja na kaseti aliwafukuza langoni. Aliogopa, na hofu yake haikuwa ya mzimu peke yake. Aliogopa kwamba atamwona Mama Angélique njiani.

Siku ya kumaliza kilio hakuwa na pa kujificha. Uani kwa marehemu walijaa jamaa, wanakwaya na wapiga vinanda wote wa Kampemba. Stanislas, mjomba wa Antoine, aliweka kaseti, akiwa ameiruka ile salamu. Ngoma ilianza. Watu walitikisa vichwa kwa adabu, wengine wakatazama chini. Kalaba aliwaelewa: ilikuwa ngoma tupu.

Ndipo Mama Angélique aliposimama, akafungua mdomo, akaimba ule wimbo uliofutwa. Uani pote watu waliacha kutikisika. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa kitenge. Wapiga vinanda, wale wenye majivuno yao, walisimama kama wanafunzi mbele ya mwalimu, na machozi yaliwatoka. Kalaba, aliyekaa mbali, aliuona mdomo tu ukifunguka na kufungika. Hakupata kitu, isipokuwa ngoma chini ya viatu vyake.

Alipomaliza, Stanislas aligeuka, uso umelowa. "Baba Kalaba, we njo unayua. Muzuri ao mubaya?"

Wote walimtazama. Neno lilikuwa tayari mdomoni, lile lile muzuri la siku ile. Akalimeza.

"Sisikie," alisema. "Mama, sikusikia hata kidogo. Na ile siku Antoine alikuya, siku nilisema hamuna wimbo, sikusikia vilevile. Masikio yangu yalikufa zamani. Nilimudanganya mutoto wako."

Léonie alishika kichwa. Mtu nyuma alianza kulaani, wenzake wakamnyamazisha.  Mama Angélique alivuka uani, akasimama mbele ya kiti cha Kalaba, akaanza wimbo upya, polepole, akifungua mdomo sana kwa kila neno.