Mwalimu Sifaeli na Mwezi wa Mirihi

Mwalimu Sifaeli alikuwa na adhabu moja tu, na kila aliyesoma fizikia kwake pale Iringa aliijua. Hesabu ya kwanza ya kidato cha sita ilikuwa ileile kila mwaka: ule mwezi wa Mirihi ulio karibu unatumia muda gani kuizunguka sayari yake? Aliwapa urefu wake kutoka juu ya ardhi ya Mirihi, kisha akanyamaza kwa makusudi. Wenye papara waliutia kwenye kanuni kama ulivyo, wakasahau kwamba umbali hupimwa kutoka katikati ya sayari.

"Umefika kwa watu ukaishia barazani," aliwaambia. "Haya, nenda ukakae huko."

Mtu akatoka, akasimama barazani na baridi yake mpaka kengele.

Mwaka huu mambo yalianza kumponyoka mwalimu. Ufunguo, jina la mkwe, njia ya sokoni. Mkewe Esnath alipolia, alimjibu kwa ukali wa mtu mwenye hofu.

"Siku mwezi wa Mirihi utakaponishinda, mama Gwakisa, nitaweka chaki chini turudi kwetu Tukuyu."

"Umesema mwenyewe, baba Gwakisa."

Jumatatu akasimama ubaoni, roho nyeupe, mkono ukikimbia wenyewe. Jibu likaja: pungufu ya saa nne. Akalipigia mstari.

Tumpe, binti wa dawati la mbele, akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Si ni saa saba na kitu? Hapo tumeanzia juu ya ardhi."

Sifaeli akalitazama jibu lake, akaona kweli amekosea. Lakini wenzake Tumpe walishaangua kicheko: "Anatupima huyo! Mwalimu mjanja!"

Sifaeli alichukia uongo maisha yake yote, na siku hiyo aliudaka kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nawapima," akasema.

Wakampigia makofi. Raha iliyoje! Akageukia ubao asahihishe, chaki juu.

Aongeze nini? Alijua kuna kitu cha kuongeza. Alikitafuta kile alichowafundisha watoto ambao leo wana watoto wao, asikione. Akaisoma kanuni yake tangu mwanzo, na herufi zote zilikuwa ngeni kwake. Akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

Akaweka chaki chini, akatoka, akasimama barazani. Ndani walicheka tena, maana walipenda vituko vyake.

Kengele ikalia, wakatoka wakimpita na salamu zao. Yeye hakuondoka. Tumpe akamletea koti alilolisahau kitini.

"Mwalimu, kengele imeshalia. Adhabu imekwisha."

"Nimeisikia, mwanangu." Akalipokea koti, asilivae. "Pita nyumbani kwangu. Mwambie mama Gwakisa aanze kufungasha."