Mtoro Aliyekuwa Akifuta Ubao

Walimu wenzangu, leo nimemshtaki mtoro huku mwenyewe akinifutia ubao!

Nabandika hapa ofisini mcheke.

Takwimu za wilaya zinatakiwa kesho. Daftari la mwaka jana lina Mkunde, mwaka huu simwoni. Nikamwandika mtoro, nikamwita baba yake.

Mzee kaja na matope ya shamba la Ujamaa miguuni.

"Shikamoo mzee. Mkunde yuko wapi?"

"Marahaba. Si huyo nyuma yako?"

Nageuka ubaoni. Eliza! Niliyemhesabu mwanafunzi mpya!

"Alibatizwa Krismasi, mwalimu."

Mimi mtu wa Tanga mjini ningejuaje kuwa huku mtoto akibatizwa hubadili jina?

Fomu ya utoro nimeichana. Sasa kila mtoto namuuliza na jina la nyumbani.

Nanyi ulizeni kabla ya kutuma, kisha mniandikie hapa chini mmepata wangapi.

Mie watoro watatu wamepatikana. Wote asubuhi waliitika "nipo".